Somo: Kutambua hitilafu ya monita na kuchagua rezolusheni inayoifaa

Monita nyingi hutupwa zikiwa nzima. Mtu huona mistari, rangi zisizoeleweka au giza tupu, akaamua kwamba kioo kimekufa, ilhali kosa limo kwenye kebo au kwenye kompyuta yenyewe. Picha huundwa na kadi ya michoro, husafirishwa na kebo, kisha huonyeshwa na monita. Kabla ya kununua chochote, tujue imeharibikia wapi.

Hatua ya 1: Fungua menyu ya monita kwa kitufe kilichopo ukingoni mwake. Menyu hiyo huchorwa na monita, haitoki kwenye kompyuta. Ikiwa mstari unaikata menyu vilevile unavyoikata picha, hitilafu imo ndani ya monita. Ikiwa menyu inaufunika mstari ikabaki safi, tafuta kosa kwenye kebo au kompyuta. Mstari ukiwa mahali ambapo menyu haifiki, monita nyingi zina mpangilio wa kuisogeza, nawe uisogeze mpaka ipite juu yake.

Hatua ya 2: Piga picha ya skrini kwa kompyuta yenyewe, uitume kwenye simu na kuitazama huko. Kasoro ikionekana hata kwenye simu, imezaliwa ndani ya kompyuta, na mara nyingi draiva ya kadi ya michoro, yaani programu inayoiendesha kadi hiyo, ndiyo ya kuanza kusakinishwa upya.

Hatua ya 3: Zima kompyuta na monita, chomoa kebo na ukague ncha zake, kisha jaribu kebo nyingine. Katika VGA, aina ya zamani ya kebo ya picha yenye pini nyingi, rangi nyekundu, kijani na bluu hupita kila moja kwenye pini yake, kwa hiyo pini ya bluu ikipinda, eneo jeupe hugeuka njano. Usishtuke ukikuta pini ya 9 haipo, kwa kuwa kebo nyingi hutengenezwa bila hiyo.

Hatua ya 4: Ikiwa taa ya monita inawaka lakini kioo ni cheusi, mulika tochi kwa pembeni. Ukiona madirisha na aikoni kwa mbali, taa ya nyuma ya kioo ndiyo iliyozimika. Nakusihi usiifungue mwenyewe, kwani kapasita za ndani (vipuri vinavyohifadhi umeme) huweza kubaki na umeme hatari hata baada ya kuchomolewa, mpelekee fundi.

Sasa rezolusheni, yaani idadi ya pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) kwa upana na kwa urefu. Kioo cha LCD kina idadi maalumu ya pikseli, na rezolusheni inayolingana nayo ndiyo inayotoa maandishi makali: kwa kawaida 1920×1080 kwa inchi 24 na 2560×1440 kwa inchi 27. Herufi zikiwa ndogo, wengi hushusha rezolusheni, nazo zikawa na ukungu. Afadhali uiache ilivyo na kuongeza ukubwa wa maandishi hadi asilimia 125 au 150. Ikiwa kompyuta inalemewa na 3840×2160, shuka hadi 1920×1080, kwa sababu kila pikseli ya picha hujaza pikseli nne za kioo bila kubaki. Ukichagua rezolusheni isiyokubalika na kioo kikawa cheusi, usibonyeze kitu: Windows hurudisha ya awali baada ya sekunde 15.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, nina nukta moja isiyobadilika. Je, inatibika?
Jibu: Jaza kioo rangi nyeupe, kisha nyekundu, kijani, bluu na nyeusi. Nukta inayobaki nyeusi katika rangi zote imekufa. Inayong'ang'ania rangi moja imekwama tu, na programu za kubadilisha rangi kwa kasi huweza kuikwamua. Usiibonyeze kwa kidole, utaharibu na za jirani.

Swali: Nimeweka 3840×2160 lakini kipanya kinajongea kwa kukwamakwama.
Jibu: Angalia kiwango cha Hz, yaani mara ngapi picha huchorwa upya kila sekunde. Toleo la 1.4 la HDMI, kiunganishi cha kawaida cha picha na sauti, huishia 30 Hz kwa rezolusheni hiyo; ili upate 60 Hz, kompyuta, kebo na monita lazima zote zimudu HDMI 2.0 au zaidi.

Swali: Kioo cha kompyuta mpakato hupepesa ninapogusa mfuniko.
Jibu: Unganisha monita ya nje, kisha usogeze mfuniko taratibu. Ya nje ikitulia huku cha ndani kikipepesa, mshuku utepe wa waya unaopita kwenye bawaba. Mwombe fundi akague utepe huo kwanza, kabla hajakutajia bei ya kioo kipya.