Jinsi ya kuandika wimbo wa mapenzi unaoimbika: kutoka wazo hadi demo (rekodi ya majaribio)

Andaa simu yenye kinasa sauti, daftari na programu ya metronomu (inayogonga mapigo kwa kasi moja). Za bure zimejaa. Gitaa au kinanda ni msaada tu. Biti iache kwanza: ukianza na biti iliyokamilika utaishia kujaza mashimo ya prodyuza badala ya kutunga.

Hatua ya 1: Tafuta kizuizi

"Nakupenda sana" ni hali, bado si wimbo. Wimbo huanza pale kitu kinapozuia hilo penzi. Malaika, aliourekodi Fadhili William na baadaye Miriam Makeba akauimba duniani kote, umesimama juu ya kizuizi kimoja: kijana anataka kuoa, mali hana. Basi.

Andika kizuizi chako kwa sentensi moja isiyozidi maneno 15. Tutatumia mfano huu hadi mwisho: mpenzi anafanya kazi Muscat, Oman, wanaongea kwa simu usiku tu, na saa zao hazilingani. Sentensi ikikulazimisha kuweka "na pia", una nyimbo mbili. Chagua mmoja.

Hatua ya 2: Gawa muda

Weka metronomu kwenye mapigo 100 kwa dakika. Hesabu moja-mbili-tatu-nne, huo ni mkupuo mmoja, sekunde 2.4. Mpangilio unaofanya kazi kwa wimbo wa taratibu:

- Kianzio: mikupuo 4
- Ubeti wa kwanza: 12
- Kipandisho (kinachopandisha kuelekea kiitikio): 4
- Kiitikio: 8
- Ubeti wa pili: 12
- Kipandisho: 4
- Kiitikio: 8
- Daraja (sehemu tofauti kabla ya kiitikio cha mwisho): 8
- Kiitikio mara mbili: 16

Jumla ni mikupuo 76, yaani dakika 3 na sekunde 2. Kiitikio kinafika sekunde ya 48. Kikichelewa kupita dakika moja, msikilizaji wa simu ameshahama; kata kianzio kabla hujagusa ubeti.

Hatua ya 3: Andika kiitikio kwanza

Mistari minne, kila mstari mikupuo miwili. Muscat iko mbele ya Dar es Salaam, aliko mwimbaji, kwa saa moja, kwa hiyo kizuizi chenyewe kinatupa mstari:

*Kwako saa sita, kwangu saa tano*
*Lala wewe kwanza, mimi bado nipo*
*Kwako saa sita, kwangu saa tano*
*Simu usikate, japo kimya kipo*

Hakuna neno "mapenzi" humo, wala halihitajiki.

Sasa hesabu mizani, yaani silabi. Kila kipande, yaani nusu ya mstari, kina 6. Mkupuo mmoja, ukiimba silabi mbili kwa kila pigo, unabeba mizani 8, na ndiyo maana shairi la kawaida la 8 kwa 8 linaingia barabara kwenye mikupuo miwili. Tatizo ni kwamba linajaa pomoni: mwimbaji hapati pa kuvuta pumzi, na gitaa halina pa kujibu. Kwa mizani 6, pigo la nne linabaki tupu. Uwazi huo ndio unaowapa wasikilizaji nafasi ya kudakia.

Hatua ya 4: Patanisha mkazo na pigo

Hapa ndipo nyimbo nyingi zinaharibikia, na wengi hulaumu sauti au biti. Mkazo wa Kiswahili, isipokuwa kwa maneno machache, huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Mapigo yenye nguvu ni la 1 na la 3. Silabi yenye mkazo katika neno kuu la mstari lazima ikae kwenye mojawapo.

Jaribu: KWA iko pigo la 1, SAA la 2, SI ya "sita" la 3. Sawa. "Simu usikate": SI la 1, KA la 3. Sawa. Sasa tuseme mstari wa mwisho ungekuwa "japo neno halipo". Mizani ni 7, "ha" inachukua pigo la 3 na "li" inateleza katikati ya mapigo. Utajisikia unaimba HAlipo, kama mgeni anayejifunza lugha.

Jihadhari zaidi na viambishi. Moyo ni MOyo, lakini moyoni ni moYOni. Ukibadilisha neno kwenye ubeti wa pili ukabakiza melodi ileile, mkazo umehama. Dawa ni mbili: anza neno nusu pigo mapema, au tafuta neno jingine. Kuvuta silabi kwa nguvu si dawa.

Kumbuka pia kwamba "m" ya "mpenzi" ni mizani kamili: m-pe-nzi, tatu.

Hatua ya 5: Vina

Kwa kuwa maneno yetu huishia na irabu, kina cha herufi moja hakisikiki. Linganisha silabi nzima ya mwisho, na ikiwezekana irabu inayoitangulia: nipo, kipo. Epuka kumaliza mistari yote kwa yangu, wangu, langu. Ni rahisi mno, na msikilizaji anakutangulia kufika.

Hatua ya 6: Beti

Ubeti unaonyesha, kiitikio kinasema. Weka vitu: chaji asilimia 4, bando linaisha, sauti ya feni upande wa pili. Ubeti wa pili usogeze kisa mbele (mkataba umeongezwa, kwa mfano); ukirudia ya kwanza kwa maneno mapya, futa. Kwenye daraja ondoa ngoma na uimbe lile ambalo mwimbaji anaogopa kuliuliza.

Hatua ya 7: Melodi na ki (ngazi ya sauti ya wimbo)

Beti ziimbe chini, karibu na sauti ya kuongea. Kiitikio kianze juu zaidi, angalau noti tatu, na noti ya juu kuliko zote itumike sehemu moja tu. Kwetu ni KA ya "usikate". Iimbe hiyo noti mara kumi mfululizo ukiwa umesimama. Koo likikaza, shusha ki kwa nusu toni mbili.

Hatua ya 8: Demo

Rekodi kwenye chumba chenye mapazia au kabati la nguo lililo wazi, simu sentimita 20 kutoka mdomoni, metronomu kwenye hedifoni. Mpe mtu asikilize mara moja akiwa na shughuli zake. Kesho yake mwombe akuimbie kiitikio. Pale anapobadilisha neno, mara nyingi amelirekebisha, chukua lake.

Mtumie prodyuza sauti tupu, jina la faili likiwa na kasi na ki, na mwambie pigo la nne la kiitikio lisijazwe. Asilimia za umiliki ziandikwe siku hiyohiyo, kabla wimbo haujatoka.