Somo: Taji la miiba, kuanzia tawi hadi ua

Asili ya mmea huu ni Madagaska, na kitaalamu huitwa Euphorbia milii. Wengi huliita kaktasi kwa sababu ya miiba, lakini sivyo. Liko ukoo mmoja na mhogo na mnyonyo. Likate uone: linatoa utomvu mweupe kama maziwa.

1. Kukata. Vaa glavu nene. Kata tawi lenye afya, sentimita 8 hadi 10 kutoka nchani, kwa kisu kikali. Chovya palipokatwa kwenye maji mpaka utomvu ukome. Usijifute uso, utomvu huo unawasha vibaya.

2. Kukausha. Hapa ndipo wengi tunapoharibu. Laza tawi kivulini siku 4 hadi 7, mpaka kidonda kifanye kigaga. La kwanza kabisa mimi nililipanda siku ileile. Baada ya wiki hivi nikalishika, shina likabonyea kama sifongo na vidole vikanuka. Tangu hapo sina haraka.

3. Kupanda. Chungu kiwe na tundu chini, hili halina mjadala. Changanya nusu udongo wa bustani, nusu mchanga wa mto (wa baharini una chumvi). Chomeka tawi sentimita 3 tu.

4. Maji. Tia kidole kwenye udongo. Pakiwa pakavu hadi pingili ya kwanza, mwagilia mpaka maji yachuruzike chini, kisha liache. Ukiona unyevu, ondoka. Mizizi huchukua wiki 5 hadi 8, na kuling'oa kila siku kuchungulia hakuiharakishi.

5. Jua. Likishashika, lisogeze juani taratibu.

MASWALI

Swali: Langu limepukutisha majani yote. Limekufa?
Jibu: Kwaruza gome kwa ukucha. Ukiona kijani na utomvu, li hai. Kwenye ukame hujivua majani ili libane maji. Ila majani mapya huota nchani tu, sehemu ya chini itabaki uchi. Ukitaka lijae, pogoa.

Swali: Majani tele, maua hakuna!
Jibu: Unaliweka wapi, dada? Kivulini halichanui vizuri. Na kama unalitilia mbolea ya urea, acha, hiyo inanenepesha majani. Halafu, kile chekundu unachokisubiri si ua hasa, ni majani madogo mawili yenye rangi. Maua yenyewe ni vile vidogo vya katikati.

Swali: Nina mtoto anayetambaa, na paka pia.
Jibu: Basi ningekuwa wewe nisingeliweka ndani. Miiba inachoma, na utomvu ni sumu kwa wote wawili. Ukiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi kwa dakika 15, kisha nenda kwa daktari hata kama maumivu yametulia.