Nyuzi kwanza, pedali baadaye: namna ya kuchagua vifaa vya gitaa la besi

Mpiga besi chipukizi akishika hela kidogo, pa kwanza kukimbilia ni pedali, vile visanduku vya kukanyaga vinavyobadilisha sauti. Anaiweka mbele ya gitaa lenye nyuzi zilizooza, waya unaokoroma na shingo iliyopinda, kisha anashangaa mbona sauti haina mabadiliko. Mimi hupanga matumizi hivi: nyuzi, marekebisho ya gitaa, waya na njia ya kuingilia kwenye miksa, pedali mwisho. Tufuate mpangilio huohuo.

Hatua ya 1: Pima gitaa kabla ya kwenda dukani

Chukua futi ya fundi cherehani. Pima kutoka nati, yaani kile kipande cha plastiki au mfupa nyuzi zinapopita kuelekea kwenye funguo, hadi freti ya 12 (freti ni vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo), halafu zidisha mara mbili. Besi nyingi zina inchi 34, ambazo ni milimita 864. Besi fupi zina inchi 30, yaani milimita 762. Kwa hiyo freti ya 12 ikiwa karibu sentimita 43 kutoka nati, nunua nyuzi za besi ndefu. Ikiwa sentimita 38, nunua za fupi.

Ukivisha nyuzi ndefu kwenye besi fupi, sehemu nene ya uzi ndiyo itakayozungushwa kwenye ufunguo, na uzi mnene hivyo haupendi kukunjwa. Baadhi hukatika hapohapo. Kama nyuzi zako huingia kwa kupita mgongoni mwa gitaa, ongeza sentimita chache kwenye hesabu.

Hatua ya 2: Chagua nyuzi kulingana na muziki unaopiga

Kuna aina mbili unazopaswa kuzijua kwanza. Raundi zimeviringishiwa waya wa mviringo: ukipitisha kucha utasikia mikwaruzo, na sauti yake inang'aa. Flati zimeviringishiwa utepe bapa: ni laini kama kioo, na sauti yake ni nene, fupi, haina makelele ya vidole. Katika miaka ya mwanzo ya gitaa la besi, flati ndizo zilizotawala. Raundi zilishika kasi miaka ya 1960, kampuni ya Rotosound ya Uingereza ikiwa mstari wa mbele, na John Entwistle wa The Who, bendi ya roki ya Uingereza, akawa mmoja wa waliozitangaza kwa vidole vyake. Upande wa pili yupo James Jamerson, mpiga besi wa studio za Motown, kampuni ya kurekodi muziki kule Detroit, Marekani. Yeye alipiga flati nzito za La Bella na alijulikana kwa kutozibadilisha mpaka zikatike.

Sasa kwako. Ukiwa kwenye bendi inayopiga rhumba ya zamani, au taarabu ambamo besi inatakiwa ikae chini ya kodiani na fidla bila kugombana nazo, jaribu flati. Zinadumu miaka, kwa hiyo bei yake kubwa inajilipa. Ukipiga sebene la kasi kwa kidole gumba na cha shahada, au gospo ya kisasa yenye kuchapa nyuzi kwa gumba, chukua raundi, maana kila noti inatakiwa isikike ilipoanzia. Raundi za nikeli zina ulaini kidogo. Za chuma kisichoshika kutu zinang'aa zaidi na zinakula freti haraka. Mimi ningeanza na nikeli.

Unene huandikwa kwa elfu za inchi. Seti ya kawaida ni 45, 65, 85, 105. Nyepesi ni 40 hadi 100. Besi ya nyuzi tano huongezewa uzi wa B wa 125 hadi 135, na hapo usibanie hela, maana B dhaifu inalegea na kutoa mngurumo usio na noti. Kama bendi yenu hushusha nusu toni ili mwimbaji asikaze koo, chukua seti nene kidogo.

Walioko Tanga, Zanzibar au Mombasa wanajua: jasho na hewa ya chumvi huua raundi upesi. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga, juu na chini ya uzi. Zile zilizopakwa utando, kama za Elixir, hudumu zaidi. Raundi iliyokufa kwa uchafu unaweza kuilaza usiku kucha kwenye spiriti, mbali na moto, ikauke vizuri kisha uirudishe. Itafufuka kwa muda. Flati usizifanyie hivyo, uchakavu wake ndio utamu wake.

Na angalia bandia. Pakiti yenye maandishi yaliyofifia na bei ya kutupa ni dalili mbaya. D'Addario huweka namba ya msimbo kwenye kifungashio chake cha ndani, ambayo unaihakiki kwenye tovuti yao.

Hatua ya 3: Visha nyuzi bila haraka

Toa na kuvisha uzi mmoja mmoja ili shingo isipoteze mvuto wote kwa mpigo. Pitisha uzi kwenye daraja, yaani kile chuma kinachoshika nyuzi mwilini mwa gitaa, uvute hadi kwenye ufunguo wake, kisha upitilize kama sentimita 10 hadi 12. Hapo kunja uzi kwa koleo mpaka ufanye pembe mraba, *ndipo* ukate mbele ya mkunjo. Ukikata kabla ya kukunja, waya wa nje unaweza kufunguka taratibu kutoka kwenye kiini, na uzi mpya kabisa utasikika umekufa. Chomeka ncha kwenye tundu la katikati ya ufunguo, zungusha mara mbili au tatu, kila mzunguko ukishuka chini ya uliotangulia. Kushuka huko ndiko kunakoukandamiza uzi kwenye nati.

Ukishatyuni, bonyeza uzi kwa gumba pale unapoacha daraja na pale unapoacha nati. Uzi mpya hupita pale kwa tao, si kwa kona, na tao hilo hulegeza sauti. Vuta uzi kidogo juu, tyuni tena, rudia mpaka utulie.

Hatua ya 4: Rekebisha shingo na daraja

Unene wa nyuzi ukibadilika, mvuto kwenye shingo nao unabadilika. Bonyeza uzi wa E, ule mnene kuliko wote kwenye besi ya nyuzi nne, kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, utazame freti ya 7 au 8: kati ya uzi na freti pawe na nafasi ya milimita 0.3 hivi. Ikizidi, kaza ile fimbo ya chuma iliyomo ndani ya shingo, robo mzunguko tu kwa mara moja, kisha upime upya. Ikigoma, usiilazimishe, mpelekee fundi wa magitaa. Kimo cha nyuzi kwenye freti ya 12 kiwe milimita 2 hadi 2.5.

Mwisho, piga hamoniki juu ya freti ya 12, yaani gusa uzi kidogo bila kuubonyeza, halafu bonyeza noti hiyohiyo. Noti ya kubonyeza ikiwa juu kuliko hamoniki, rudisha nyuma kile kipande kinachobeba uzi kwenye daraja, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele.

Hatua ya 5: Waya na DI

Hapa ndipo sauti nyingi za kanisani zinapofia. Besi isiyotumia betri inahitaji kifaa chenye ukinzani mkubwa wa kuingilia, kama megaomu 1. Tundu la kawaida la miksa lina kama kiloomu 10 tu. Ukichomeka moja kwa moja, sauti ya juu inamezwa, na fundi mitambo anaanza kuongeza trebo ambayo haipo. DI boksi inatatua hilo: upande mmoja unachomeka gitaa, upande wa pili unatoka waya wa maiki kwenda kwenye miksa. Ile yenye umeme wake hupata volti 48 kutoka kwenye miksa yenyewe. Mkisikia mngurumo, bonyezeni swichi ya kukata athi iliyo ubavuni.

Kama baada ya nyuzi na marekebisho una uwezo wa kununua kitu kimoja tu, nunua DI yenye vifungo vya toni ndani yake. SansAmp Bass Driver ya Tech 21 ndiyo maarufu. Behringer BDI21 ni ya bei nafuu na inafaa kuanzia.

Hatua ya 6: Pedali, na mpangilio wake

Anza na tyuna. Haina mbwembwe, lakini inazima sauti unapotyuni katikati ya ibada au shoo, na hilo peke yake linakutofautisha na wahuni.

Ya pili ni kompresa, inayosawazisha noti kali na hafifu. Weka uwiano wa 4 kwa 1, acha shambulio (kifungo cha Attack, kinachoamua kompresa ianze kubana upesi kiasi gani) liwe la polepole ili kichwa cha noti kipite, na usiminye zaidi ya desibeli 3 hadi 6.

Ovadraivu, pedali ya kukwaruza sauti, inahitaji tahadhari. Pedali za gitaa la solo kama Tube Screamer hupunguza sana sauti za chini kabla ya kuzikwaruza, nawe uzi wako wa E unaanzia hezi 41. Utabaki na mkwaruzo bila mwili. Tafuta yenye kifungo cha kuchanganya sauti safi na iliyokwaruzwa, kama Boss ODB-3.

Oktava, pedali inayoongeza noti ileile ikiwa chini zaidi, inafurahisha, ila tumia akili: ukishusha E ya wazi kwa oktava moja unafika hezi 20.6, ambayo spika nyingi haziitoi. Ipige kwenye nyuzi za D na G.

Mpangilio wangu: tyuna, oktava, kompresa, ovadraivu, korasi (pedali inayofanya sauti isikike kama besi kadhaa kwa pamoja) ukiwa nayo, DI. Oktava ikae mapema kwa sababu husoma vizuri noti safi.

Hatua ya 7: Umeme

Pedali nyingi hutumia volti 9 zenye hasi katikati ya pini, lakini si zote; soma alama kabla ya kuchomeka. Jumlisha miliampia za pedali zako zote, adapta iwe na zaidi ya jumla hiyo. Pedali za kidijitali zikichangia waya mmoja na nyingine huweza kuleta mlio.

Besi yenye betri ndani huwaka jeki inapoingia, kwa hiyo chomoa ukimaliza, la sivyo utaikuta betri imekwisha Jumapili asubuhi. Na ukiunganisha amplifaya na spika zake, tumia waya wa spika, usitumie wa gitaa. Spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba ni omu 4. Hakikisha amplifaya yako imeandikwa kuwa inazimudu.