Kubadilisha balbu za dashibodi kwenye gari la zamani: hatua kwa hatua, na maswali yenu

Nilitoka Iringa jioni kurudi Dodoma kwa njia ya Mtera, na Corolla yangu ya 1994. Nilipovuka bwawa giza lilikuwa limeshaingia. Nikawasha taa, barabara ikaonekana vizuri, lakini mbele ya usukani giza tupu. Mshale wa spidi siuoni, wa mafuta siuoni. Kila nikikuta kibao cha 50 ilibidi nimulike kwa simu nijue nakwenda ngapi. Nimefika nyumbani mabega yanauma kwa wasiwasi.

Kesho yake nikafungua. Balbu tatu za kuangaza mita zilikuwa zimeungua, hilo nililitegemea. Kilichonishtua ni ya nne: balbu ya taa ya oili nayo ilikuwa imekufa, na sijui imekufa tangu lini. Maana yake presha ya oili ingeshuka njiani, gari lisingeniambia kitu, na injini ingekwama kabla sijajua kuna tatizo. Ndiyo sababu naandika somo hili. Wengi tunaona balbu hizi ni urembo wa usiku, tunazivumilia mwaka mzima. Zile za kuangaza unaweza kuzivumilia kwa shida. Za tahadhari hapana.

Kwa hiyo anza na hili leo hii, hata kama taa zako zinawaka. Weka ufunguo kwenye ON bila kupiga starta. Taa ya oili lazima iwake. Ya chaji, yaani ya betri, lazima iwake. Cheki injini lazima iwake. Vuta handbreki, taa yake iwake. Gari lenye ABS (breki zinazozuia tairi kukwama) au airbag (mfuko wa hewa wa kukinga ajali), taa zake nazo ziwake kidogo kisha zizime. Taa ambayo haiwaki hapo ndiyo ya kushughulikia kwanza, kwa sababu haitawaka siku ya shida pia.

KABLA YA KUFUNGUA CHOCHOTE

Kama taa zote za mita zimezima kwa mpigo, usikimbilie balbu. Balbu nne haziungui usiku mmoja. Washa taa za paki, zunguka nyuma ya gari. Taa za nyuma nazo zimezima? Basi ni fyuzi: tafuta iliyoandikwa TAIL kwenye kifuniko cha boksi la fyuzi. Magari mengine yana ya peke yake iliyoandikwa PANEL. Weka ya ampea zilezile zilizoandikwa, usiongeze, na usizungushie karatasi ya sigara. Waya za dashibodi zikiungua ndani, kuzitafuta ni kazi ya siku nzima na gari linaweza kushika moto.

Kama taa za nyuma zinawaka, angalia kile kigurudumu kidogo cha kupunguza mwanga, kwa kawaida kiko upande wa swichi za usukani. Mtoto amekichezea, au fundi amekigusa akiosha gari. Kizungushe mpaka mwisho, kwenda na kurudi mara kumi hivi, maana vumbi la huku kwetu huingia ndani yake na kukata umeme.

Kama baadhi zinawaka na baadhi haziwaki, sasa ni balbu. Endelea.

VITU VYA KUWA NAVYO

Bisibisi ya nyota, fupi na ndefu. Spana namba 10 ya betri. Kipande cha plastiki bapa cha kubandulia, au bisibisi bapa uliyoifunga kitambaa. Taulo. Raba ya kufutia penseli. Kikombe cha kuwekea skrubu.

Balbu zenyewe: Toyota nyingi za miaka ya 90 hutumia aina mbili. Kubwa ni T10, za kuangaza mita. Ndogo ni T5, za taa za tahadhari. Hiyo namba ni unene wa kioo kwa milimita, kwa hiyo huwezi kuzichanganya. Kuna pia ndogo ambazo zimeshikana na kikalio chake (kile kishikio cha plastiki cha balbu), zinauzwa pamoja. Ukiweza, toa moja uende nayo dukani kama mfano.

Hapa nikae kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapoharibu. T10 zinatofautiana kwa wati ingawa umbo ni lilelile. Ya dashibodi ya Toyota mara nyingi ni wati 3.4. Ile ya taa ya paki ni wati 5. Muuzaji atakupa ya wati 5 akikwambia zinafanana, na kweli itaingia, itawaka tena kwa mwanga mzuri. Lakini joto lake ni kubwa kwa sehemu hiyo iliyofungwa. Nimeona kikalio kilichoyeyuka na uso wa mita uliopata doa la kahawia nyuma ya namba 80, na doa hilo halitoki. Soma maandishi madogo kwenye kitako cha balbu kabla hujalipa.

KAZI YENYEWE

1. Fungua teminali ya hasi ya betri. Kama gari lina airbag, subiri sekunde 90 au zaidi kabla ya kugusa kitu karibu na usukani. Kama redio yako ina namba ya siri, hakikisha unaikumbuka.

2. Shusha usukani mpaka chini kabisa. Ufunike kwa taulo.

3. Toa fremu ya plastiki inayozunguka mita. Kwenye Corolla za umri huu skrubu mbili ziko juu, ndani ya paji la dashibodi, zinatazama chini. Huzioni ukiwa umekaa, ingiza kichwa uzitafute kwa tochi. Zikitoka, fremu inabaki imeshikwa na klipu. Vuta taratibu kwa mikono miwili, upande mmoja baada ya mwingine. Kama kuna swichi juu ya fremu, chomoa plagi zake nyuma, na piga picha kwanza. Kazi hii ifanye gari likiwa limepata joto la saa nne asubuhi. Asubuhi ya mwezi wa Juni au Julai hapa Dodoma plastiki ya miaka 30 inakuwa ngumu na klipu zinavunjika kama biskuti.

4. Toa skrubu za kisanduku cha mita, tatu au nne. Kivute kwako kiasi cha mkono kupita nyuma.

5. Chomoa soketi. Kila moja ina ulimi wa kubonyeza. Bonyeza ulimi, shika plastiki, usivute waya. Kama gari lako lina kebo ya spidi, nayo ina kishikio cha plastiki nyuma ya mita. Kibonyeze ndipo itoke. Ikigoma kabisa, kebo haina ulegevu. Tafuta inapopita kwenye ukuta wa injini, isukume kidogo kuingia ndani.

6. Laza kisanduku juu ya taulo, kioo kikiwa chini. Sasa unaona mgongo wake: karatasi nyembamba ya plastiki, ya bluu au ya kijani, yenye njia za shaba kama mito kwenye ramani, na vikalio vya balbu vimechomekwa juu yake. Karatasi hiyo ndiyo saketi yote ya mita zako. Haina waya. Ikichanika njia moja, geji moja inakufa, na duka la spea haliuzi karatasi peke yake, litakuuzia mita nzima iliyotumika.

Niliwahi kumwachia fundi gari langu la kwanza kwa kazi hii hii. Alitumia koleo kuvitoa vikalio, akapasua karatasi mahali pawili, geji ya joto ikafa. Tangu siku hiyo kazi hii nafanya kwa vidole tu.

7. Shika kikalio kwa vidole viwili, zungusha robo mzunguko kinyume na mshale wa saa, kitoke. Kama kimegandamana na vumbi, kitikise kushoto na kulia mara kadhaa bila nguvu. Balbu yenyewe inachomolewa wima, bila kuzungushwa. Itazame kwenye mwanga: kioo kikiwa cheusi au waya wa ndani umekatika, imekwisha. Zingine zimevaa kofia ndogo ya mpira ya kijani au ya bluu. Ndiyo inayoipa dashibodi rangi yake. Ihamishie kwenye balbu mpya, isipokuwa kama imepasuka.

8. Futa miguu ya shaba ya kikalio kwa raba ya penseli, pamoja na pale inapokanyaga kwenye karatasi. Usitumie msasa, unakula shaba yenyewe. Kama miguu imelala, iinue kidogo kwa ukucha. Nusu ya balbu ambazo mtu ananiletea akisema zimeungua ni nzima kabisa, ni mguu uliolala au uliopata ukoko.

9. Badilisha zote. Naelewa gharama, lakini kazi kubwa ni kufungua, balbu ni bei rahisi. Zilizobaki zina umri ule ule na zimekula mtikisiko ule ule wa barabara za vumbi. Ukibadilisha moja, mwezi ujao utafungua tena, na kila unapofungua klipu zinapungua.

10. Rudisha kisanduku bila kukifunga skrubu, chomeka soketi zote, funga betri. Usiweke ufunguo ON kabla soketi zote hazijaingia, hasa kwenye gari la airbag, taa yake inaweza kubaki inawaka. Sasa washa paki: mita zote ziangaze sawasawa. Weka ON: rudia kile kipimo cha mwanzo, oili, chaji, cheki injini, handbreki. Washa gari, shusha handbreki: taa za tahadhari zote zizime. Zikikubali, funga skrubu, rudisha fremu.

MASWALI YENU

Swali, kutoka Kisasa: Kaka, nataka kuweka LED nyeupe, zinavutia na hazichukui umeme. Kuna ubaya?

Dada, za kuangaza mita unaweza kuweka, kwa mambo mawili. LED ina upande wa chanya na hasi. Isipowaka, ichomoe, uigeuze nusu mzunguko, urudishe. Pili, kigurudumu cha kupunguza mwanga mara nyingi hakitaipunguza vizuri, na mwanga mweupe mkali unaumiza macho njia ya usiku kama hii ya kwenda Manyoni, ambako kuna giza pande zote. Mimi nimebaki na balbu ya kawaida. Lakini taa ya chaji usiibadilishe kuwa LED. Kwenye magari mengi ya zamani, umeme unaoamsha oltaneta (ile mashine inayochaji betri) unapita kwenye hiyo balbu. LED inapitisha kidogo mno, na oltaneta inaweza kuchelewa kuamka au isiamke.

Swali, kutoka Manyoni: Mkuu nimefuata hatua zote, taa zinawaka safi, ila geji ya mafuta imelala chini na tenki nimejaza jana.

Kwanza soketi: moja haijaingia mpaka ikalia. Ikiwa zimeingia, angalia skrubu ndogo nyuma ya kila geji. Hizo hazishikilii geji tu, zinapitisha umeme kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye geji. Ikilegea, geji inakufa. Zikaze kwa vidole viwili tu juu ya bisibisi.

Aliporudi alisema ilikuwa skrubu.

Swali, kutoka Bahi: Je, na zile taa za swichi za kiyoyozi?

Ni balbu ndogo zile zile nyuma ya paneli yake. Zinapata umeme wa paki, kwa hiyo zikizima pamoja na mita rudi kwenye fyuzi.

Swali, kutoka Kondoa: Kijana wangu, nimenunua gari mkononi kwa mtu. Nimefanya kipimo chako, taa ya cheki injini haiwaki kabisa kwenye ON. Nilidhani ni uzuri, gari halina kosa.

Shikamoo mzee. Gari zima kabisa lazima liwashe taa hiyo kwenye ON, kisha izime injini ikiwaka. Fungua kwa hatua hizi hizi, utazame mahali pake. Kuna mambo matatu utakayokuta: balbu imeungua, au kikalio kipo na balbu haipo, au kuna kipande cha gundi nyeusi mbele yake. Mawili ya mwisho ni kazi ya mtu aliyetaka kuuza gari bila kulitengeneza. Weka balbu mpya, washa gari. Ikibaki inawaka, usiitoe tena. Mpelekee fundi mwenye mashine ya kusoma kosa, na kabla ya hapo usisafiri nalo mbali.

Swali, la huyo huyo mzee baada ya siku mbili: Marahaba. Nimekuta shimo tupu. Nimeweka balbu, inawaka muda wote.

Asante kwa kurudi kutuambia mzee. Ukimpelekea fundi, mwombe akuandikie namba ya kosa kwenye karatasi kabla hajabadilisha spea yoyote, kisha tuandikie hapa namba hiyo tuisome pamoja.