Namna ya kuomba fedha za ulemavu Marekani ukiwa na saratani: maelekezo ya mtu anayejaza fomu hizi kila wiki

Kazi yangu ni kuwasaidia watu wa kwetu wanaoishi Marekani (Wakongo, Wakenya, Watanzania, Warundi) kujaza makaratasi ya Social Security, idara ya serikali ya Marekani inayolipa fedha hizi. Wenye saratani karibu wote huja wamechelewa, maana nyumbani walikubaliana kwamba mgonjwa apate nafuu kwanza. Sheria haikudai usubiri hivyo. Inataka ugonjwa uwe umekuzuia kufanya kazi, au unatarajiwa kukuzuia, kwa miezi 12 au zaidi, au uwe unatarajiwa kuleta kifo.

Ujue pia kwamba anayeamua hatakuona uso. Ni mtumishi wa ofisi ya jimbo iitwayo DDS, mezani kwake kuna mafaili, na lako ni mojawapo. Kisichoandikwa humo, kwake hakipo.

Hatua ya 1: Piga simu leo

Namba ya Social Security ni 1-800-772-1213. Akipokea mtu, mwambie unahitaji mkalimani wa Kiswahili. Ni bure, na ni haki yako. Usimtumie mtoto wa darasa la sita kutafsiri habari za uvimbe wa mama yake. Kama Kiswahili chako ni cha Bukavu na mkalimani anazungumza cha Unguja, msimamishe kila usipomwelewa, hakuna aibu.

Sema wazi kwamba unataka kuomba SSDI (fedha za ulemavu za waliokatwa kodi kazini) na SSI (msaada wa mwenye kipato kidogo). Tarehe uliyoeleza nia yako inaweza kuandikwa kama tarehe ya ombi, hata kama fomu zitafuata baadaye. Kwa SSI hilo ni kubwa, kwa sababu hailipi miezi iliyopita kabla ya ombi. SSDI inaweza kurudi nyuma hadi miezi 12.

Mgonjwa atahojiwa mwenyewe, kwa hiyo lazima ajue anaumwa nini. Najua familia zinazomficha mzee jina la ugonjwa. Sitaingilia ya nyumbani kwenu, lakini mzee asilisikie neno hilo kwa mara ya kwanza kutoka kwa mkalimani kwenye simu.

Hatua ya 2: Jua mlango wako

SSDI ni ya waliokatwa kodi ya Social Security kazini. Kwa mtu wa miaka 31 na kuendelea, kwa kawaida inatakiwa awe amefanya kazi kama miaka 5 kati ya 10 ya mwisho. Kwa vijana masharti ni mepesi zaidi. Fedha ya kusuka nywele uliyolipwa mkononi bila kutangazwa kwenye kodi haihesabiwi hata senti. Udereva wa programu za simu unahesabiwa, mradi uliilipia kodi ya waliojiajiri.

SSI ni ya mwenye kipato kidogo, awe amefanya kazi au hajafanya. Mwaka 2025 kiwango cha juu cha serikali kuu kwa mtu mmoja kilikuwa dola 967 kwa mwezi. Mali unayoruhusiwa ni dola 2,000, au 3,000 kwa mke na mume. Nyumba unayoishi na gari moja havimo. Kwa wasio raia kuna masharti ya ziada: mkimbizi ana miaka 7 tu ya kupata SSI kabla hajawa raia, kwa hiyo suala la uraia usiliweke kabatini.

Hapa ndipo michango yetu inapotuumiza. Mtu akiugua, kundi la WhatsApp linachanga, dola 6,000 zinaingia kwenye akaunti ya mgonjwa, na SSI inakataa. Si kosa kuchanga. Waambie walipe bili ya hospitali moja kwa moja, hiyo haihesabiwi kuwa kipato chako. Na sufuria za pilau ziendelee kuja: tangu Septemba 30, 2024 chakula unachopewa hakipunguzi tena SSI.

Unaweza kupata zote mbili. Nashauri kuomba zote, utaona sababu kwenye hatua ya 6.

Hatua ya 3: Andika ugonjwa kama biopsi ilivyouandika

Mama mmoja aliniletea nakala ya ombi alilojaziwa na mtu mwingine. Kwenye nafasi ya ugonjwa palikuwa na saratani ya tumbo. Kwetu tumbo ni kila kitu kuanzia mbavu hadi nyonga. Nikafungua ripoti ya patholojia, yaani majibu ya maabara ya biopsi (kipande kilichokatwa kupimwa): ilikuwa kongosho.

Tofauti hiyo ina uzito. Tangu 2008 Social Security ina orodha iitwayo Compassionate Allowances, ya magonjwa ambayo maamuzi yake yanaharakishwa. Saratani ya kongosho imo, ya umio imo, ya mapafu ya aina ya seli ndogo imo, leukemia kali imo. Nyingine nyingi zinaingia ikiwa zimesambaa mbali, haziwezi kukatwa kwa upasuaji, au zimerudi baada ya tiba. Huombi kuingizwa humo. Kompyuta inachagua kutokana na maneno yaliyomo kwenye ombi lako, na neno tumbo halikuiambia kitu kuhusu kongosho.

Kwa hiyo nenda na ripoti ya patholojia, ripoti ya upasuaji kama ulifanyiwa, na majibu ya picha za CT au PET yanayoonyesha ulikofika ugonjwa. Utasaini fomu SSA-827 ya kuwaruhusu kuomba faili lako hospitalini, lakini nakala uliyowapelekea mwenyewe hufika mapema. Kama daktari amesema umebakiwa na muda mfupi au umeingia hospisi (huduma ya wagonjwa walio karibu na mwisho), liseme. Faili la namna hiyo huwekewa alama ya haraka.

Hatua ya 4: Jina na tarehe ya kuzaliwa

Linganisha kadi ya Social Security na karatasi za hospitali, herufi kwa herufi. Nusu ya Wakongo ninaowahudumia walizaliwa Januari mosi, ndivyo kambi ya wakimbizi ilivyoandika. Hospitali wakitumia tarehe nyingine, faili litatangatanga.

Hatua ya 5: Salamu ni salamu, ugonjwa ni ugonjwa

Nilikaa na mama huyohuyo kliniki. Daktari akauliza: "Umeamkaje, mama?" Akajibu: "Salama, namshukuru Mungu." Mkalimani akatafsiri alichosikia, na daktari akaandika kwamba mgonjwa anaendelea vizuri, hana malalamiko. Asubuhi ile alikuwa ametapika mara tatu, na viatu alivalishwa na binti yake.

Hatukulelewa kumlalamikia mtu anayetusalimu, nami sisemi uache adabu. Jibu salamu, kisha endelea: nimetapika mara tatu, vidole vina ganzi tangu kemo ya pili, jana nililala mchana kutwa. Hakikisha linaandikwa.

Fomu SSA-3373, inayouliza shughuli za kila siku, ina mtego huohuo. Inauliza kama unapika. Ukijibu ndiyo na kuishia hapo, msomaji anaona mtu anayesonga ugali wa watu 8. Tuliandika hivi: "Nakaa kwenye kiti, binti anakata vitunguu, nakoroga dakika tano, naenda kulala, yeye anamalizia." Vifungo vya blauzi hafungi. Kikombe kinamponyoka. Hayo yote tuliandika.

Kwenye fomu za kazi, neno kiwandani halitoshi. Taja saa ulizosimama na pauni ulizobeba. Na usiongeze chumvi: kudanganya kwa makusudi ni kosa la jinai, na faili lote litasomwa.

Hatua ya 6: Hesabu miezi

Hata ukikubaliwa haraka, SSDI ina miezi 5 kamili ya kusubiri. Ukiacha kazi Machi 10, miezi hiyo ni Aprili hadi Agosti. Fedha ya kwanza ni ya Septemba, nayo inafika Oktoba. SSI haina kungoja huko, ndiyo maana uombe zote. Medicare, bima ya afya ya serikali kuu, huanza baada ya miezi 24 ya SSDI. Majimbo mengi humpa anayepata SSI Medicaid, bima ya afya ya wenye kipato kidogo.

Hatua ya 7: Wakikataa

Una siku 60 za kukata rufaa tangu ulipopata barua, na wao huhesabu kwamba ilikufikia siku 5 baada ya tarehe iliyoandikwa juu yake. Usianze ombi jipya, omba lile lile lipitiwe upya, na ongeza karatasi zilizotoka tangu siku ile. Wakili halipwi mbele: akishinda anachukua hadi asilimia 25 ya malimbikizo, na mwaka 2025 kikomo kilikuwa dola 9,200.

Ikiwa barua ilichelewa njiani, tunza bahasha yenye muhuri wa posta, usiitupe na matangazo ya supamaketi.