Namna ya Kujifunza Mpangilio wa Mfumo wa Neva kwa Kufuata Safari ya Mwiba Mguuni

Wengi huanza kujifunza mfumo wa neva kwa kukariri orodha ya majina, na baada ya wiki mbili majina hayo huwa yamekwisha kuyeyuka. Kosa si la kumbukumbu zao. Jina lisilofungamana na njia wala kazi halina pa kushika akilini. Kwa hiyo ninashauri mwanafunzi aanze na tukio moja dogo la mwilini, kukanyaga mwiba, na alifuate hatua kwa hatua kutoka wayoni hadi ubongoni na kurudi. Utahitaji karatasi kubwa, penseli mbili za rangi, nyekundu kwa taarifa zinazokwenda ubongoni na ya buluu kwa amri zinazotoka huko, pamoja na mwili wako mwenyewe.

Yatenganishe maneno kabla ya kuchora

Neno "mshipa" limebebeshwa mzigo mkubwa katika mazungumzo yetu, kwani mrija wa damu huitwa mshipa, kano inayoshikiza msuli kwenye mfupa huitwa mshipa, na neva nayo huitwa mshipa wa fahamu. Ukiviacha vitu hivi vichanganyike, hutaelewa chochote kitakachofuata. Mshipa wa damu una uwazi ndani yake na hupitisha damu. Kano ni ukanda mgumu unaovuta mfupa. Neva ni tita la nyuzi nyembamba zinazopitisha taarifa kwa njia ya umeme.

"Uti wa mgongo" nao una utata wake. Baadhi ya watu humaanisha safu ya mifupa, na wengine humaanisha kamba laini ya neva iliyomo ndani ya mifupa hiyo. Hapa nitaiita mifupa hiyo pingili za uti wa mgongo, na kamba ya ndani nitaiita ugwemgongo. Utaona pia kwamba ile homa ya uti wa mgongo tunayoisikia ikitajwa si ugonjwa wa mifupa hata kidogo, bali ni uvimbe wa tando tatu zinazoufunika ubongo na ugwemgongo.

Neno la mwisho ni nyuroni, yaani seli ya neva. Ina kiwiliwili chenye kiini, vitawi vifupi viitwavyo dendraiti ambavyo hupokea taarifa, na uzi mmoja uitwao aksoni ambao huipeleka mbele. Aksoni nyingi hufunikwa kwa ala ya mafuta iitwayo mayelini, ambayo huharakisha mwendo wa taarifa. Pale nyuroni moja inapokutana na nyingine pana mwanya mdogo sana, sinapsi, na kwa kawaida taarifa huuvuka kwa msaada wa kemikali. Jambo hili lilibishaniwa vikali. Mwaka 1906 Camillo Golgi na Santiago Ramón y Cajal walipewa Tuzo ya Nobel kwa pamoja, huku Golgi akishikilia kwamba seli hizo zimeungana kuwa wavu mmoja na Cajal akisema kila seli inajitegemea. Cajal ndiye aliyekuwa karibu zaidi na ukweli.

Chora mhimili wa kati

Mfumo mkuu wa neva ni ubongo na ugwemgongo peke yake. Kila neva iliyo nje ya hapo ni ya mfumo wa neva wa pembeni. Chora ubongo juu ya karatasi na ugwemgongo ukishuka kutoka chini yake, kisha uweke mchoro kando na ushike kichwa chako.

Weka kiganja kwenye kipaji cha uso. Nyuma ya mfupa huo ipo lobu ya mbele (lobu ni sehemu kubwa ya ubongo), inayohusika na kupanga na kuamua, na ambayo ukingo wake wa nyuma huamrisha misuli. Sogeza kiganja hadi utosini na nyuma yake kidogo: hapo ipo lobu ya utosini, inayosoma mguso, maumivu na mkao wa viungo. Katika panja na juu ya sikio ipo lobu ya panjani, yenye kazi ya kusikia na sehemu kubwa ya kazi ya kumbukumbu. Kisogoni ipo lobu inayosoma yale yaonwayo na macho, ingawa macho yenyewe yapo upande wa pili kabisa wa kichwa. Shuka chini kidogo ya kisogo, pale misuli ya shingo inapoanza, nawe utakuwa umeufikia ubongo mdogo, unaosawazisha mwendo na mizani ya mwili. Usidanganywe na jina lake: kwa makadirio yaliyotolewa mwaka 2009, ubongo wa binadamu una nyuroni zipatazo bilioni 86, na takribani bilioni 69 kati ya hizo zimo ndani ya huo ubongo mdogo.

Katikati, kukiwa kumefunikwa na hayo yote, kuna thalamasi, kituo ambacho karibu taarifa zote za hisi hupitia, isipokuwa harufu, ambayo hufika kwenye gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, bila kulazimika kupita hapo. Chini yake lipo shina la ubongo, ambalo sehemu yake ya mwisho, medula oblongata, huongoza pumzi na mapigo ya moyo.

Ugwemgongo wa mtu mzima una urefu wa sentimita 42 hadi 45 hivi, na unene unaokaribiana na ule wa kidole cha mwisho. Hauteremki hadi chini kabisa ya mgongo. Huishia kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na kutoka hapo hushuka shada la mizizi ya neva ambalo wanaanatomia waliliita mkia wa farasi. Lipime jambo hili mwilini mwako: shika kingo za juu za mifupa ya nyonga kwa pande zote mbili, kisha fikiria mstari unaoziunganisha kupitia mgongoni. Mstari huo hukatiza karibu na pingili ya nne ya kiuno. Hapo ndipo daktari hutafuta mahali pa kuingiza sindano anapotaka kuchota maji ya uti wa mgongo, kwa kuwa ugwemgongo umekwisha kuishia juu zaidi na sindano haiwezi kuuchoma.

Kutoka kwenye ugwemgongo hutoka jozi 31 za neva: 8 za shingoni, 12 za kifuani, 5 za kiunoni, 5 za sakramu, yaani mfupa ulio chini ya kiuno, na 1 ya kifandugu. Pingili za shingo ni 7 tu, na wengi hukwama hapa. Neva ni 8 kwa sababu ya kwanza hutokea juu ya pingili ya kwanza, na ya nane hutokea chini ya ile ya saba. Zipo pia jozi 12 zinazotoka ubongoni moja kwa moja, nawe huna haja ya kuzikariri zote leo. Ya pili, ya kuona, ya saba, inayoendesha misuli ya uso, ya nane, ya kusikia na mizani, na ya kumi, vagasi, zitakutosha kwa mwanzo.

Sasa ufuate mwiba

Chukua penseli nyekundu. Mwiba umechoma wayo wa mguu wa kulia. Ncha za nyuroni zilizomo ngozini huamka, na taarifa hupanda kwa neva inayopita nyuma ya kifundo cha mguu kwa upande wa ndani, huingia katika shavu la mguu, hupita nyuma ya goti, na kuingia katika neva ya siatiki, ambayo ni nene kuliko neva zote mwilini na hupita nyuma ya paja hadi matakoni. Safari hiyo yote, yenye urefu wa mita moja hivi, hufanywa na seli moja moja zisizopokezana popote njiani. Kiwiliwili cha kila seli hiyo kimo katika fundo dogo lililo kando ya ugwemgongo.

Kutoka kwenye fundo hilo taarifa huingia kupitia mzizi wa nyuma, kwani kila neva ya uti wa mgongo ina mizizi miwili: wa nyuma ni wa hisi zinazoingia, wa mbele ni wa amri zinazotoka. Charles Bell mwaka 1811 na François Magendie mwaka 1822 ndio waliotufungulia siri hii, na ninaihesabu kuwa ufunguo wa somo zima. Iandike kwa herufi kubwa kwenye mchoro wako.

Ndani ya ugwemgongo, ambamo sehemu ya kijivu ina umbo la kipepeo lililozungukwa na sehemu nyeupe, mambo mawili hutendeka kwa wakati mmoja. La kwanza ni refleksi, yaani mwitikio wa mwili usiongoja uamuzi. Taarifa hukabidhiwa nyuroni za kati, nazo huziamsha nyuroni za mwendo zilizo mbele, amri hutoka kwa mzizi wa mbele (badilisha penseli, uchore kwa buluu), na mguu wa kulia hujikunja. Sekunde hiyohiyo, amri nyingine huvuka upande wa kushoto na kuukaza mguu wa pili ili usianguke. Haya yote hayakusubiri ruhusa ya ubongo.

La pili ni kuupasha ubongo habari. Taarifa ya maumivu huvuka kwenda upande wa kushoto ndani ya ugwemgongo, karibu na pale ilipoingilia, kisha hupanda hadi thalamasi ya kushoto na kuishia kwenye lobu ya utosini ya kushoto, karibu na mstari wa katikati ya kichwa, ambako ndiko mguu unakosomwa. Huenda umewahi kuona kwamba maumivu huja mara mbili, kwanza mchomo mkali, halafu maumivu mazito yanayosambaa. Hizo ni nyuzi za aina mbili: zenye mayelini nyembamba hupeleka taarifa kwa mita 5 hadi 30 kwa sekunde, ilhali zisizo na mayelini hutambaa kwa mita 0.5 hadi 2 kwa sekunde. Kwa umbali wa mguu mzima, tofauti hiyo huhisika waziwazi.

Ukiamua kuinama na kuung'oa mwiba, amri hutoka lobu ya mbele. Nyuzi zake nyingi huvuka upande kwenye medula, hushuka ndani ya ugwemgongo, na kukabidhi kazi kwa nyuroni za mwendo. Kwa kuwa huvuka, kiharusi kilichopiga upande wa kushoto wa ubongo hudhoofisha mkono na mguu wa kulia.

Wakati huo moyo wako unakwenda mbio na viganja vinatoa jasho. Hiyo ni kazi ya mfumo wa neva unaojiendesha, na hasa tawi lake la simpathetiki, ambalo hutokea sehemu ya kifua na juu ya kiuno ya ugwemgongo. Tawi la parasimpathetiki, linalotuliza moyo na kuhimiza usagaji wa chakula, hutoka shina la ubongo, hasa kwa vagasi, na pia sehemu ya sakramu. Yaongeze kwa mistari ya nukta.

Jipime

Gonga taratibu mfereji ulio nyuma ya kiwiko, upande wa ndani. Ganzi itaruka hadi kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete, ingawa umegonga kiwiko, kwa sababu ubongo huuhesabu uzi kuwa ni wa mahali unapoanzia, popote utakapoguswa njiani.

Kisha funika majina yote kwenye mchoro na ujibu swali hili kwa kufuata rangi tu. Mtu ameumia mgongo. Mguu wake wa kushoto hauna nguvu, lakini unahisi mwiba; mguu wa kulia una nguvu zote, lakini hauhisi mwiba wala joto. Jeraha liko wapi? Amri za mguu wa kushoto zilikwisha kuvuka kwenye medula, kwa hiyo ndani ya ugwemgongo zinashukia kushoto. Maumivu ya mguu wa kulia yalivuka mara tu yalipoingia, kwa hiyo nayo yanapandia kushoto. Jeraha limekata nusu ya kushoto ya ugwemgongo, juu ya mahali zinapotokea neva za miguu.