Somo: Kuchagua maiki ya dainamiki ya bei poa kwa ajili ya kurekodi voko geto

Habari zenu wadau. Nimeamua niandike hili somo mara moja tuachane nalo, maana kila wiki lazima mtu anifuate pembeni, "kaka nina laki mbili nataka maiki ya kurekodia nyumbani, ninunue ipi?" Nikimuuliza geto lako likoje ananiambia chumba kimoja, bati halina silingibodi, dirisha linatazamana na kijiwe cha bodaboda. Sasa mtu wa hivyo ukimwambia akanunue kondensa, yaani ile aina ya maiki nyepesi kudaka kila kasauti, unamtafutia presha tu. Ila wengi ndo wanachoambiwa.

HATUA YA 1: Sikiliza chumba kabla hujatoa hela

Zima feni, zima redio, weka simu katikati ya chumba irekodi dakika mbili, afu sikiliza na hedifoni. Utashangaa unaishi na nani. Mi kosa langu la kwanza nlinunua kondensa, imekuja na stendi ya mkasi, sponji, makorokoro kibao kwenye boksi moja, nikaona nimeula. Siku ya kwanza kaja dada mmoja anaimba kwaya, tumerekodi tangu saa nne asubuhi, teki ya nne ndo ikatoka kali, wote tumeikubali. Jioni nasikiliza kwa utulivu, ubeti wa pili katikati kabisa namsikia mama mwenye nyumba uani: "Nani kaacha bomba wazi?" Tena kasikika vizuri kuliko yule dada. Nlijaribu kumfuta kwa kila programu niliyokuwa nayo, hakufutika, ikabidi dada arudi wiki iliyofuata na nauli nimlipie mimi.

Hapa kuna kitu watu wanadanganyana. Wanasema dainamiki "haisikii kelele". Hamna maiki yenye akili ya kujua hii ni sauti ya msanii hii ni ya jogoo. Dainamiki ndani ina kiwambo kimegundishwa kwenye koili, koili iko kwenye sumaku, yaani ni spika ndogo inayofanya kazi kinyume. Ule mzigo ni mzito kuusukuma kwaiyo inatoa umeme kidogo, na ili ikupate vizuri lazima usogee mdomo karibu kabisa. Hiyo KARIBU ndo dawa yenyewe. Ukitoka sentimita 30 ukaja sentimita 5, sauti yako inapanda kama desibeli 15 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) wakati jogoo yuko pale pale, kwaiyo kwa kulinganisha yeye ndo anazama. Ukichukua dainamiki afu ukasimama mbali, ukapandisha geini (nguvu ya kukuza sauti ya maiki) ili usikike, jogoo anarudi studio.

HATUA YA 2: Jua upande ambao maiki ni kiziwi

Nyingi za kuimbia ni kadioidi, zinasikia mbele na kiziwi chake kiko nyuma kabisa, kule kwenye mkia unapochomeka waya. Kwaiyo mkia ndo uuelekeze kwenye feni au dirisha. Nyingine ni supakadioidi, hizo kiziwi chake kiko nyuma kwa pembeni kidogo kushoto na kulia, ukiweka feni nyuma moja kwa moja inaingia. Soma boksi, imeandikwa au imechorwa pale.

HATUA YA 3: Piga hesabu ya mnyororo mzima

Hapa ndo wengi wanaanguka. Mtu anamaliza hela yote kwenye maiki afu anaichomeka kwenye tundu la maiki la laptopu kwa adapta, anasikia shwaaaa, anasema maiki mbovu. Dainamiki inataka saundikadi, kile kiboksi cha kuunganisha maiki na kompyuta, yenye geini ya kueleweka. Ile Shure SM7B mnayoiona kwenye kila podikasti, nje inauzwa kama dola 400, na Shure wenyewe wanasema inataka angalau desibeli 60 za geini safi. Saundikadi nyingi za bei ya chini haziifikishi, au zinafika zikiwa zinahema. Usiiote kwa sasa.

Hela yako igawe hivi: saundikadi kwanza, maiki ya pili, kinachobaki ni waya, stendi na pop filta (kile kitambaa cha kuzuia pumzi mbele ya maiki). Pop filta hata soksi mpya ya kike uliyoivalisha kwenye waya wa hanga inafanya kazi, sio utani. Waya ndo usibanie. Na uwe XLR pande zote mbili, upande mmoja matundu matatu, upande mwingine pini tatu. Maiki nyingi za bei ndogo zinakuja na waya ambao mwisho wake ni jeki kubwa ya gitaa, huo ni wa spika za karaoke, kwenye saundikadi utaingia kwenye tundu la gitaa na sauti itakuwa imekonda kama ina malaria.

HATUA YA 4: Sasa maiki zenyewe

Bei nazotaja ni za nje, hapo bado usafiri, ushuru na faida ya muuzaji.

Behringer XM8500, kama dola 20 na ushee. Hii ndo nawaambia watu waanze nayo, kadioidi, inakuja kwenye kiboksi chake kigumu cha plastiki, na ukiisogelea vizuri mtu wa kawaida hawezi kukuambia umerekodi na nini. XM1800S ni ndugu yake, zinauzwa tatu tatu na zina swichi. Swichi kwenye maiki ya kurekodia mi siipendi, utakuja kurekodi kimya dakika nne.

Shure PGA48 iko katikati, sina ugomvi nayo, ila nikifikia hela hiyo bora nivumilie mwezi mmoja nikachukue SM58. SM58 ipo tangu 1966, ni kama dola 100, inasikia kuanzia Hz 50 mpaka 15,000, ukiidondosha unaiokota mnaendelea. Sennheiser e835 iko bei hizo hizo na juu inang'aa kidogo zaidi, kwa sauti nzito ya kiume mi naipenda kuliko 58.

Huna saundikadi kabisa? Tafuta Samson Q2U au Audio-Technica ATR2100x, zina USB na XLR zote mbili, leo unachomeka kwenye laptopu, mwakani ukipata saundikadi maiki ni ile ile.

HATUA YA 5: Usiuziwe feki

SM58 feki ni nyingi kama mchanga. Kwanza tumia akili, kitu cha dola 100 huko kinakotoka, ukiuziwa elfu 45 na maelewano yapo, hicho ni nini? Pili mizani. SM58 halisi ina gramu 298. Mi yangu ya kwanza nlikuwa nayo miezi mitatu naitetea mbele za watu, siku moja nikaipeleka dukani kwa mangi, akaiweka pale anapopimia sukari, ikasoma 236. Mangi akaniuliza "nifunge na nini?" Nlicheka ila iliniuma. Uzito peke yake sio ushahidi wa mwisho maana kuna feki zimejazwa chuma, kwaiyo angalia pia boksi: SM58-LC maana yake haiji na waya, ukikuta boksi limeandikwa LC afu ndani kuna waya, rudisha. Na SM58 ya kawaida haina swichi, yenye swichi ni SM58S.

HATUA YA 6: Ijaribu kwa mdomo wako

Vidole vitatu kutoka mdomoni mpaka kwenye wavu, maiki ikae pembeni kidogo ya mdomo isiangalie katikati ya pumzi. Sema "pita pale pembeni pa posta", ikipiga bu bu bu igeuze zaidi. Sema "sisi sasa siku saba", isichome masikio. Ukiwa karibu hivyo besi inaongezeka yenyewe, ndo tabia ya maiki hizi, ukiona imezidi kata chini ya Hz 80 au 100. Mita ya programu ya kurekodia icheze kwenye desibeli minus 12 hivi unapoimba kwa nguvu, usiifikishe juu kwenye nyekundu. Na watu wa hip hop naomba, msifumbate kichwa cha maiki kwa kiganja, mnaziba matundu ya nyuma yanayoifanya iwe kiziwi huko nyuma, na sauti inakuwa kama uko ndani ya ndoo.

Karibuni kwa maswali.

—

Mdau, Mwanza: Mkuu somo limeshiba. Mi natumia simu tu, laptopu sina. Natokaje?

Jibu: Unatoka vizuri tu. Q2U au ATR2100x kwenye simu ya Android kupitia OTG (kiunganishi cha kuchomeka USB kwenye simu), simu nyingi zinazipokea, ila kajaribu na simu yako mwenyewe kabla hujalipa. Rekodi na programu ya BandLab, ni bure. Ukiona maiki waya wake unaishia na jeki ndogo kama ya hedifoni afu imeandikwa "studio" achana nayo.

Mdau, Zanzibar: Assalaam alaykum. Mimi naimba kaswida, sauti yangu ya chini sana, nikipandisha geini nasikia shwaa. Nimeambiwa ninunue kile kidude cha kuongeza nguvu kikae kati ya maiki na saundikadi.

Jibu: Waalaykum salaam ndugu yangu. Vipo, vinaongeza desibeli 20 na kitu na vinatumia ile 48V ya saundikadi (umeme ambao saundikadi inaupeleka kwenye maiki), ila bei yake inaweza kuzidi maiki yenyewe mara tatu. Kabla hujafika huko sogea, watu wengi wanaosema wako karibu wako sentimita 20. Ukishasogea na bado shwaa, wewe ni mmoja wa wachache ambao kondensa ingewafaa, ila rekodi usiku wa manane na ujizungushie magodoro.

Mdau, Mbeya: Mimi ni mwalimu wa kwaya, tuko 14. Naweza kurekodi wote kwa SM58 moja?

Jibu: Shikamoo mwalimu. Hapana, utapata wawili wa mbele na wengine kama wako kijiji cha pili. Kwaya nzima ndo sehemu ya kondensa, kanisani, mlango umefungwa. Au rekodi sauti moja moja, sopano wasimame wawili wawili kwenye maiki, kisha alto, hivyo hivyo mpaka besi, mnapanga kwenye kompyuta. Ni kazi ya siku mbili ila inatoka.

Mdau: Nikiwasha 48V kwa bahati mbaya dainamiki inaungua?

Jibu: Haiungui, waya ukiwa mzima wa XLR. Zinazoogopa hiyo ni maiki za riboni. We zima tu, haikusaidii kitu.

Mdau, Dar: Mi nasikia nguuuuu hata nisipoongea, nimebadilisha maiki mbili.

Jibu: Chomoa chaja ya laptopu. Ikinyamaza ni umeme, labda nyumba yako haina athi. Rekodi kwa betri.

Mdau, Dar: Dah imenyamaza!! Nimeuza maiki mbili bure.

Mdau, Nairobi: Niaje wakubwa. Mi nilinunua SM58 yangu mtaa wa Luthuli, shilingi elfu tatu za Kenya, imeandikwa Shure kila mahali. Iko sawa ama?

Jibu: Kaka kwa bei hiyo naogopa kukujibu. Ipime.

Mdau, Nairobi: Nimeipima kwa jirani ana mizani ya keki. 219.

Jibu: Pole sana. Usiitupe lakini, wakati wa kipaimara cha mtoto mpe MC.